Springi Niliyoinunua Makambako

Likizo ya mwezi wa Sita ilinikuta nyumbani kwetu Ludewa, nami sitaisahau, maana ilinifundisha kwamba kujua jambo darasani na kulijua kwa mikono si kitu kimoja.

Baba anayo pikapu ya zamani ya kuchukulia mahindi. Siku moja springi ya nyuma, upande wa kushoto, ilikatika katika njia ya udongo ya kijijini. Baba alikuwa shambani akivuna, basi akanipa shilingi 180,000 akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Nenda Makambako ukatafute springi kuukuu, jozi moja. Lakini kwanza pima hii iliyovunjika."

Nikajibu, "Baba, gari letu nalijua." Sikupima kitu.

Nilipanda basi alfajiri. Tukapita barabara ya zege ya Mawengi na Lusitu, tukatokea Itoni, na mchana nikawa Makambako, mahali ambapo njia ya Songea hukutana na barabara kuu ya Tunduma, na reli ya TAZARA hupita. Muuzaji mmoja wa vyuma kuukuu akanionyesha springi za gari jingine. "Bwana mdogo," akasema, "kampuni ni ile ile, zitaingia tu." Urefu wake ulinipendeza. Nikalipa, nikarudi nikijisifu.

Kesho yake fundi, mzee wa makamo, alizilaza chini kando ya ile ya zamani. Loo! Springi yetu ilikuwa na upana wa sentimita 6, na hizo nilizoleta sentimita 7. Hazikuweza kuingia katika vishikizo vyake. Tena bolti ya katikati haikukaa mahali pamoja. Fundi akanieleza kwamba bolti hiyo ndiyo inayoshika ekseli mahali pake. Ikisogea, ekseli nayo husogea, na gurudumu halikai tena katikati ya nafasi yake.

Kwa aibu nikasema, "Fundi, tuvipanue vishikizo kwa kuchomelea."

Akanitazama. "Humu hupanda nani?"

Sikujibu. Mama hupanda humo na mdogo wangu mchanga wanapokwenda zahanati, na miteremko yetu wenyeji wa Ludewa mnaijua.

Basi mzee yule akaniketisha, akanipa utepe wa kupimia na karatasi. Niliandika mambo matano: urefu kutoka tundu hadi tundu; umbali kutoka tundu la mbele hadi bolti ya katikati; upana; kipenyo cha tundu na bushi yake; na idadi ya vipande pamoja na unene wa kila kimoja. Akanionya pia nisidanganywe na jina la gari. Akatoa mfano wa Land Cruiser za kazi nzito za aina ya 70, zilizoanza mwaka 1984: mbele zilikuwa na springi za vipande, lakini tangu mwaka 1999 zimewekewa springi za kuzunguka. Jina ni moja, lakini vyuma vya mbele ni mbali mbali.

Niliporudi shuleni mwalimu wa Fizikia alinifafanulia lile jambo la unene. Sote tumesoma kanuni ya Hooke, aliyoichapisha mwaka 1678, kwamba springi hunyumbuka kwa kadiri ya mzigo. Lakini kipande kikiwa kinene mara mbili, mengine yote yakibaki sawa, ugumu wake huwa mara 8! Kwa hiyo springi yaweza kuingia vizuri kabisa, na bado isifae.

Nilikwenda Makambako mara ya pili, na karatasi yangu mfukoni na kipande kilichovunjika ndani ya gunia. Muuzaji alikubali kubadilisha, ila niongeze shilingi 40,000. Nilipima jozi nne. Tatu zikakataa, ya nne ikapatana kwa yote matano.

Hizo shilingi 40,000 zilikuwa za viatu vyangu vya shule. Ndiyo sababu, wenzangu, muhula huu mnaniona na viatu vilivyoshonwa, na wengine mmenicheka.

Baba hakunikemea. Aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya gari, na hata leo imo. Hilo liliniuma kuliko kemeo. Kuuliza si ujinga, na kupima pia si ujinga. Ujinga ni kusema "najua" mbele ya mtu aliyekutuma kwa imani.