Samaki wasioliwa wana faida gani nyumbani?

Wengi huweka tangi la kioo la samaki sebuleni kama pambo. Hakuna ubaya, ila pambo huzoeleka haraka. Likishazoeleka, maji hugeuka kijani na samaki hufa mmoja mmoja. Anayedumu ni yule aliyejua tangu mwanzo anawafugia nini.

Baba mmoja wa Kibiti aliulizwa swali hilo na mkewe siku aliyoleta tangi. “Baba watoto, maji tunanunua kwa ndoo, wewe unataka kufuga samaki wasioliwa?”

Alimjibu kwamba yeye amekulia deltani, kati ya mikoko na mashamba ya mpunga, lakini binti yao wa miaka 10 anaujua mto Rufiji kwa kuvuka Daraja la Mkapa ndani ya basi tu. Alitaka mtoto ajue maji ya kwao, na awe na kiumbe kinachomtegemea kila asubuhi.

Samaki hawakuwa mbali. Kwenye madimbwi ya bonde la mto Ruhoi huishi samaki wadogo wasiozidi kidole. Madume wana rangi kali, nyekundu au buluu. Majike ni wa kijivu tu. Mjerumani Lothar Seegers ndiye aliyewapa jina la kitaalamu mwaka 1982, Nothobranchius eggersi, na leo wapo wanaowafuga Ulaya kwa fahari.

Baba alitanguliza mimea, akasubiri wiki kadhaa kabla ya kutia samaki wachache. Mimea hunyonya uchafu unaotokana na kinyesi cha samaki, na majike hupata pa kujificha madume wanapowasumbua. Kazi ya binti ikawa kulisha kidogo kidogo na kubadili sehemu ya maji kila wiki. Maji yaliyotolewa mama aliyamwagia mchicha wake, na lawama za ndoo zikapungua.

Kilichowashinda kwa muda ni kifo. Samaki hawa huishi miezi michache, kwa kuwa dimbwi lao hukauka kila mwaka. Dume wa kwanza alipokufa, binti alilia akataka tangi liondolewe.

Baba hakukimbilia kuleta mwingine. Alimweleza kwamba samaki hawa hutaga kwenye tope. Wakubwa hufa kiangazi kikiingia, mayai hubaki ardhini yakingoja mvua. Wakachota tope la chini ya tangi, wakalikamua likabaki na unyevu, wakalifunga kwenye mfuko na kuandika tarehe. Binti akaanza kuhesabu wiki kwenye kalenda. Tangi likabaki na mimea yake, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, “Mwanangu, leo wiki ya ngapi?”

Mzazi, kabla hujatoa fedha, jiulize maswali matatu. Unataka mtoto apate nini? Nani atawalisha samaki mkisafiri? Na samaki akifa, utamwambia nini mwanao? Kama jibu lako ni pambo tu, picha ya ukutani ni nafuu zaidi. Kama ni malezi, anza na tangi dogo, mimea mingi na samaki wachache, na usiwahi kumwaga samaki wa dukani mtoni au bwawani.