Siku ya Shwari Baharini

Wasomaji wetu wa bara wakisikia neno shwari, hudhani ni raha tupu kwa msafiri wa baharini. Basi twawaarifu tuliyoyaona katika njia ya Ngazija kuja Unguja, safari ya bahari kuu ya maili zaidi ya 400.

Tulipanda jahazi mwezi wa Aprili, ndio wakati wa maleleji. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hata Machi, ilikuwa imekwisha, na kusi ilikuwa haijashika. Siku ya tatu, kulipopambazuka, upepo ulikatika kabisa. Tanga likalegea, likawa lapigapiga mlingoti, na bahari iking'aa kama mafuta. Nahodha akaamuru foromali ishushwe, tanga lisichakae bure.

Tukamwuliza, "Nahodha, kwa nini tusitie nanga?" Akacheka, akajibu, "Mwalimu, hapa ni kilindi. Amari yetu yote haifiki chini." Akatuonya tena kwamba chombo hakikusimama, ingawa macho hayaoni mwendo. Mkondo mkubwa utokao mashariki hufika pwani ya Afrika, na sehemu yake hugeukia kaskazini. Ndio uliokuwa ukituchukua, nasi bila upepo hatukuwa na nguvu ya kujiepusha na miamba. Kwa hiyo hakuondoka penye dira mchana kutwa.

Lakini hofu yetu kubwa ilikuwa maji ya kunywa. Nahodha aliyapima mapipa kwa kijiti, kisha akatangaza: kila mtu kata moja asubuhi na moja jioni, awe mwenye shehena au baharia. Tajiri mmoja akatoa fedha ili aongezewe, akakataliwa. Mama mwenye mtoto wa kunyonya peke yake ndiye aliyepewa kata ya tatu, wala hakuna aliyenung'unika. Nahodha mwenyewe alikunywa wa mwisho. Ndipo tulipofahamu wazee wasemapo, "Maji ya kifuu, bahari ya chungu."

Usiku wa manane tukasikia ubaridi shavuni. Kusi! Mabaharia wakaruka, wakavuta jarari kwa kuimba, na foromali ikapanda.

Ndugu, hata nyumbani huja siku za shwari, ghala ikipungua na mvua isije. Siku hizo mwenye nyumba na apime kwa haki, amtangulize aliye mdogo, naye mwenyewe ale wa mwisho.