Kituntu Hadi Dar kwa Saa Mbili

Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam, ukipita moja kwa moja angani, ni kilomita 1,000 na ushee. Ndege ya rafadha huzimaliza kwa muda wa saa mbili hivi, isipotua Mwanza. Kwa basi ni kama kilomita 1,400, na mwenye mgongo mbovu asithubutu. Hesabu hizo zote lakini zinaanzia Bukoba, na mimi nilikuwa Kituntu, Karagwe.

Niliondoka saa kumi usiku. Bodaboda ilinipitisha katikati ya migomba mpaka kwenye lami ya Bugene na Kyaka, nikajibana ndani ya hiace kando ya mama aliyepakata ndoo ya senene wa kukaanga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Bukoba?”

“Naunganisha Dar, kwa ndege ya saa nne.”

“Basi utakula mchana Dar, mimi hata nusu ya ndoo sijauza!”

Abiria wakacheka. Lami hii, kilomita 59 tu, ndiyo iliyoisogeza Karagwe karibu na ziwa kuliko ndege yoyote. Zamani ikinyesha, safari ilikuwa ni ya kubahatisha. Kyaka tulikuta barabara ya Mutukula. Kushoto kuna daraja la mto Kagera, lile lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Sisi tukakata kulia.

Uwanja wa Bukoba umepakana na ziwa, na asubuhi hiyo ziwa halikuonekana. Mvua na ukungu. Ndege ikachelewa, na hakuna aliyenung’unika kwa sauti. Kila mtu pale anaikumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia majini ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43; 19 wakafa, na wavuvi ndio waliowahi kuokoa. Kwa hiyo tuliagiza chai, tukasubiri mawingu yajiamulie. Mama wa senene bila shaka alikuwa ameshamaliza ndoo yake.

Tuliruka saa nane mchana. Ziwa kati ya Bukoba na Mwanza, ambalo meli hulivuka usiku kucha, tulilivuka kwa dakika zisizotimia saa. Tulipoondoka Mwanza nilianza kuwafikiria waliotembea njia hii kwa miguu, wakielekea nilikotoka. Wavumbuzi Waingereza, Speke na Grant, waliondoka Zanzibar mwaka 1860, wakafika kwa Mkama Rumanyika, Karagwe, Novemba 1861. Mwaka na zaidi! Vitabu huwataja wao wawili. Mizigo ilikuwa mabegani mwa wapagazi, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, alikuwa miongoni mwa viongozi wa msafara. Grant alifika Karagwe akaugua mguu vibaya, mwenzake akamwacha hapo akaendelea Buganda. Nani angemlaumu mtu kwa kuchelewa zama zile?

Dar tulitua saa kumi na moja jioni. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Kimara si mbali hata kidogo, ila foleni ilikula muda mrefu kuliko ziwa zima, na dereva wa teksi akaniuliza kama safari ilikuwa fupi.