Majina ya Herufi Nane

Kompyuta ya zamani iliyofiwa na betri huamka ikiamini kwamba leo ni Jumanne, tarehe 1 Januari 1980. Hapo ndipo kalenda ya mfumo wa MS-DOS inapoanzia. Siku yoyote iliyotangulia, mfumo huo hauitambui. Ukiandika amri ya DATE, utaonyeshwa Jumanne hiyo, kisha utaombwa uandike tarehe mpya.

Kwa mtu wa Garissa, Kenya, kurudishwa mwaka ule ni jambo zito. Novemba 1980, baada ya watumishi wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi. Watu walisukumwa hadi uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakawekwa huko siku kadhaa bila chakula wala maji. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo mwaka 2013, miaka 33 baadaye. Mashine inayoamka Januari ile inaamka katika mji ambao bado haujaungua, na waliokufa wangali majumbani mwao.

Ninayo mashine ya aina hiyo, kompyuta ya 386 aliyoiacha marehemu mjomba wangu. Alikuwa karani Dadaab, kambi za wakimbizi zilipokuwa zingali changa, akainunua shirika moja la misaada lilipouza vifaa vyake vikuukuu. Kila alipokuja Garissa mapumzikoni, watu walimjia awapigie barua: za kuomba kitambulisho, za kutafuta karo, za kumuulizia ndugu aliyepotea njiani akitoka Somalia.

Mashine kama hii haiwashwi kwa pupa. Kwanza hufunguliwa ikapanguswa vumbi, kisha hutazamwa betri iliyochomelewa kwenye bodi kuu. Betri hizo za nikeli na kadimi huvuja zikizeeka, na ule uvujaji hula nyuzi za shaba hadi bodi ikafa. Huondolewa mapema, hata kama bado haijavuja. Ndipo umeme unawekwa, na hapo unakuta jambo lililonikalisha kimya siku ile: mashine haijui kwamba ina diski. Diski imo ndani na maandishi yote yapo juu yake, lakini betri ilipokufa ilienda na taarifa za diski hiyo. Inabidi usome kibandiko chake, idadi ya silinda, vichwa na sekta, kisha uiambie mashine namba kwa namba. Ukikosea, haiisomi diski. Ukipatia, inaanza kusoma, na barua za miaka thelathini zinajitokeza.

Niliandika amri ya DIR, orodha ya mafaili ikashuka. DOS huruhusu jina la faili lisizidi herufi nane na kiambishi cha herufi tatu, kwa hiyo mjomba alifupisha kila kitu. Barua ya nani ni ipi? Ufunguo wa vifupisho vile ulikuwa kichwani mwake. Baadhi ya disketi zake hazisomeki tena. Mashine inauliza uache, ujaribu tena, au ukubali kushindwa. Lakini hata zile zinazosomeka zimebaki na maneno yasiyo na mwenyewe.

Sisi ni watu tuliozoea kubeba nasaba vichwani. Mtoto hukaririshwa jina la baba, la babu, la babu wa babu, hadi vizazi kumi na zaidi. Tulidhani mashine itatupunguzia mzigo huo. Nimejifunza kwamba inatunza maandishi tu. Mwenye kuyajua ni mtu, na mtu hufa. Tulipomzika mjomba, barua zilibaki salama, tukapoteza wa kutuambia ni za nani.

Niliandika tarehe ya leo, na DOS ikaikubali, kwani hesabu yake inafika hadi 2099. Kuandika tarehe mpya hakukugusa tarehe za mafaili. Kila barua imebaki na siku ile aliyoihifadhi. Naona hii ndiyo njia ya kuishi na msiba: kuikubali siku iliyopo, bila kufuta siku za waliotutangulia.

Basi, kama nyumbani kwenu ipo kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa, au bahasha ya disketi kabatini, msingoje. Itoeni betri, nakilini disketi zingali zinasomeka. Barua zilizopigwa kwa WordPerfect, programu ya kuandikia, bado zinafunguka kwa LibreOffice, programu isiyolipiwa. Na zaidi ya yote, muiteni mwenye kuyajua majina yale aketi nanyi, faili kwa faili, na kila analolisema liandikwe kwa jina kamili la mtu, la baba yake na la babu yake, angali hai wa kulisema.