Elimu ya Nahodha wa Moa

Serikali humtambua mvuvi mdogo kwa mambo mawili: leseni na ushuru. Inakijua chombo chake na kilo alizoshusha. Anachokijua mvuvi mwenyewe hakina safu katika fomu zake.

Hilo lilinikaa moyoni Desemba, nilipokwenda na mke wangu na wanetu wawili kuvua Moa, kijiji cha wilaya ya Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Tulimkodi mzee mmoja pamoja na mashua yake. Watoto walimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatuketisha chini ya mwembe kwa saa nzima. Zilikuwa siku za bamvua, ambapo bahari ya huku hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na maji yalikuwa bado yanakupwa. “Samaki hafuati saa yako, mwalimu,” aliniambia. “Maji yakianza kujaa, atapanda mwenyewe kuja mikokoni.”

Tulipotoka, alilinganisha mnazi wa ufukweni na kilele cha mbali upande wa magharibi, akatia nanga mchangani, kando ya mwamba. Binti yangu akauliza kwa nini tusisimame juu ya mwamba wenyewe, kwenye samaki wengi. “Nanga huvunja matumbawe, mjukuu wangu. Yakivunjika, samaki atakaa wapi?” Tulishusha mishipi yenye chambo cha ngisi, tukapata changu sita na kolekole mmoja. Changu wa saba hakuzidi kiganja; mzee akamtoa ndoana taratibu na kumrudisha majini, binti akinung’unika.

Njiani alituonyesha mahali palipopigwa baruti zamani. Chini palionekana vifusi vya kijivu. Matumbawe ya aina ya jabali hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Mlipuko wa sekunde moja hula kazi ya vizazi.

Baruti imepigwa marufuku na sheria tangu mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikarudia katazo hilo. Hata hivyo pwani ya Tanga iliendelea kuisikia kwa miongo kadhaa, hadi vyombo vya dola vilipoingia kwa nguvu. Nguvu ilihitajika, lakini doria haiwezi kukaa juu ya kila mwamba. Mwaka 1994 Tanga ilianza mpango wa kuhifadhi pwani uliowaketisha wanavijiji na maofisa pamoja, ukazaa maeneo ya usimamizi wa pamoja, likiwemo la Boma–Mahandakini katika ukanda huu. Wazo lilikuwa sahihi: anayeijua miamba ashiriki kuamua namna ya kuilinda.

Leo sheria inavitambua vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, yaani BMU. Swali ni iwapo wazee kama huyu huitwa humo kufundisha, au huitwa kusikiliza semina na kutia saini mahudhurio. Wanawe wote wameiacha bahari. Mmoja anaendesha bodaboda Tanga mjini. Hakuna anayejifunza kwake ule mnazi na kile kilele.

Ndugu maofisa, kabla ya kuandika mpango mwingine wa uvuvi, pandeni mashua na wazee hawa. Waandikeni kama wakufunzi, na walipeni posho ya mkufunzi. Nanyi wanafunzi wangu mnaotafuta mada za tasnifu, Moa haiko mbali, na mzee bado ana nguvu za kushika usukani.