Ruthu Hakumficha Naomi

Juma hili tunapenda kuwashirikisha jambo lililotufikia ofisini mwetu hapa Sekei, nasi tumeruhusiwa na wahusika kulieleza pasipo kuwataja.

Mama mmoja, mjane wa miaka mingi, alikuwa akimfariji rafikiye aliyefiwa na mume. Tangu mazishi alilala kwake, akamwashia moto asubuhi za baridi ile ya Julai ishukayo kutoka Mlima Meru, akamwongozea rozari sauti ilipomkauka, akafuatana naye mahakamani kwa ajili ya mirathi. Katika nyendo hizo alifahamiana na mgane mmoja, ndugu wa marehemu, aliyewasaidia kutafuta hati. Mwaka haujaisha, wakawa wamependana. Akatujia akilia: “Padre, nilikwenda kufariji, nimerudi na mchumba. Nitamtazamaje mwenzangu?”

Kwa upande wa sheria hapakuwa na la kuuliza. Kanisa hufundisha kwamba kifo hufungua kifungo cha ndoa, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Wakorintho katika sura ya 7. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, humpa mjane uhuru wa kuolewa tena na amtakaye au kutoolewa, hata kama mila yasema vingine. Lakini huyu hakuja kuuliza sheria. (Sisi mapadre tunapenda mno kujibu maswali tuliyosomea seminarini.)

Tukamshauri anyamaze kwanza, hadi mwenzake apate nguvu. Tuliona ndiyo huruma. Miezi mitatu baadaye mfiwa akayasikia sokoni, tena yametiwa chumvi: kwamba rafikiye aliingia msibani kutafuta mume. Akatujia na hasira, wala si kwa sababu ya uchumba. “Alinishika nikilia usiku kucha,” alisema, “halafu akaniona siwezi kubeba furaha yake.” Ushauri ule ulikuwa wetu, nasi tulimkiri hivyo.

Tukarudi kwenye Kitabu cha Ruthu, ambacho tumekihubiri mara nyingi katika harusi bila kuliona hili. Naomi alikuwa amezika mume na wana wawili ugenini Moabu, akaomba aitwe Mara kwa ajili ya uchungu wake. Hata hivyo, jioni ile ile Ruthu alipotoka kuokota masazo shambani kwa Boazi, alimwonyesha mkwewe shayiri na kumtajia jina la mwenye shamba. Na ni Naomi huyo huyo, mwenye majonzi, aliyepanga jinsi Ruthu atakavyomwendea Boazi. Obedi alipozaliwa, Naomi ndiye aliyempakata.

Wale wawili walikaa pamoja siku nzima wakizungumza. Hatujui yote waliyosemezana, wala si yetu kujua. Mfiwa bado analia. Zipo siku asizoweza kusikia habari za sare wala za kamati ya harusi, na siku hizo mwenzake humwendea, wakamenya ndizi kimya.

Dominika iliyopita tulisoma tangazo la kwanza la ndoa. Tulipoyataja majina tuliinua macho kulitazama benchi lao. Mfiwa, katika nguo zake nyeusi, alikuwa akimsukuma mwenzake kwa kiwiko.