Watoto wa Chai Wafunzwe Jangwa

Wasee, niwaulize. Ukisikia jangwa la Kenya, unafikiria nini? Ukame, ngamia na malori ya chakula cha msaada. Basi. Na sisi wa Kericho na Bomet ndio tumezidi, kwa sababu huku mvua hunyesha karibu kila alasiri na kila mahali ni kijani. Jangwa kwetu ni kitu cha taarifa ya habari ya saa moja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kutosha. Siku hizi natengeneza video, na Jumamosi huwa nasaidia klabu ya mazingira kwa shule moja ya msingi upande wa Bomet. Wazazi wengi pale wanachuna chai. Kwa wiki nne tumekuwa tukisoma Sibiloi, na sasa naamini kila mtoto wa huku anafaa kuijua.

Sibiloi ni mbuga ya taifa, iko Marsabit, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Ilianzishwa 1973, na 1997 UNESCO ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ni jua, upepo na mawe. Lakini ndani yake kuna msitu uliogeuka jiwe. Magogo mazima yamelala mchangani, ukiyaona unadhani ni kuni, ukiyagusa ni mwamba. Miti ilifukiwa, maji yenye madini yakapenya, na madini yakachukua nafasi ya mbao kidogo kidogo. Yaani hapo palikuwa na maji na miti mikubwa. Jangwa halikuwa jangwa siku zote.

Nilipoonyesha picha kwa laptopu, msichana mmoja wa gredi ya tano akauliza, "Na huku kwetu je?"

Hilo ndilo somo lenyewe. Turkana ilichukua mamilioni ya miaka kubadilika. Msitu wa Mau tumeukata ndani ya maisha ya babu zetu na sisi. Mto Nyangores unaopita Bomet mjini unatoka huko Mau, unaenda kukutana na Amala, unakuwa Mara. Mtoto akielewa gogo la jiwe, hutahitaji kumhubiria kuhusu kupanda miti.

Kuna mama aliniambia, "Kijana wangu, hayo mawe yatampa mtoto wangu kazi gani?" Swali la haki kabisa. Mashine za kuchuna chai zimeingia, na 2023 watu waliandamana Kericho, mashine zingine zikachomwa. Mzazi anayeona kibarua chake kikienda hana muda wa hadithi.

Nilimweleza kuhusu Kamoya Kimeu. Mkamba, masomo yake yaliishia shule ya msingi, akaanza kama kibarua wa kuchimba. 1984, pale Nariokotome, magharibi mwa ziwa, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe. Hicho kipande kilifikisha watafiti kwa mifupa ya Mvulana wa Turkana, wa kama miaka milioni 1.5 iliyopita, mmoja wa mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale duniani. Si ati kila mtoto atakuwa Kamoya, na sikumdanganya mama huyo hivyo. Lakini kazi ya Kamoya ilikuwa macho: kutembea polepole na kuona kile wengine wanakikanyaga. Na mtoto wa mchuna chai amelelewa na mikono inayotofautisha majani mawili na chipukizi siku nzima. Macho tunayo.

Sasa, basi ya shule ya Bomet haitafika Sibiloi, tuwe wakweli. Lakini Fort Ternan iko Kericho hii hii! Louis Leakey alichimba pale miaka ya 1960 mwanzoni, akapata mabaki ya nyani wa kale wa kama miaka milioni 14. Watoto wetu wanapelekwa Nairobi kuona jengo la bunge, wanarudi wamechoka, na mlima wenye historia ya dunia uko hapa jirani.

Kwa hivyo kama wewe ni mwalimu, mzazi, ama una gari na Jumamosi moja huru, anzia Fort Ternan. Halafu waonyeshe picha za Sibiloi. Wakiuliza "na huku kwetu je?", usiwajibu haraka. Wapeleke mtoni wakaangalie maji.